Mlinzi Aliyetembea Hatua Nne

Nina kitendawili ambacho nimewatega wajukuu wangu kwa miaka mingi, na wote wamenipa mji wakachoka. Nina mlinzi hana macho, hana miguu, wala halali; lakini siku moja alitembea hatua nne.

Mmoja alisema konokono. Mwingine alisema kivuli. Kindness, binti wa mwanangu Theodory, hakujibu. Alikuwa na miaka tisa. Aliniangalia akauliza, "Bibi, alipotembea alielekea kwa nani?" Nikamtuma akakate majani ya ng'ombe.

Sasa Kindness ana miaka ishirini na saba, yuko chuo kikuu Dar es Salaam, na anasomea uhalifu. Hapa Uru watu wakisikia hivyo wanacheka. "Mama Theodory, mjukuu wako anasomea wizi?" Nawajibu ndiyo, na amefaulu vizuri, kwa hiyo fungeni mabanda yenu. Ukweli ni kwamba anasoma kwa nini mtu anaiba, nani anaibiwa, na nani ameibiwa na hasemi. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoichagua kwa shahada yake ya pili, na lazima aiandikie kitabu kizima wanachokiita tasnifu.

Alikuja kwangu mwezi wa kwanza na begi moja, kompyuta, na barua ya kibali. Ile barua ilitoka chuoni ikaenda mkoani, mkoani ikaenda wilayani, wilayani kwenye kata, kata kijijini, na kila mahali iligongwa muhuri. Ilikuwa na mihuri mingi kuliko cheti changu cha ndoa.

Alichokuwa anatafuta ni makosa ambayo hayakufika polisi kwa sababu yaliishia kwenye isale. Wewe usiye wa huku mlimani nikueleze. Isale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Ndio uzio wetu. Na jani lake ndilo analobeba mtu aliyekosa anapokwenda kumwomba msamaha aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai. Anayekataa, wanasema, atazika wa kwake. Mimi sikuwahi kumwona aliyekataa, kwa hiyo sikujua ni nani aliyezika.

Msimamizi wake wa masomo hakulipenda wazo hilo. Siku moja alipiga simu tukiwa tunamenya ndizi, na kwa vile Kindness alikuwa na utomvu mikononi, aliweka sauti kubwa.

"Kindness, kosa lisilo na jalada polisi utalihesabuje?"

"Ndiyo maana nimekuja kulihesabu, Daktari."

"Utarudi na hadithi za vikongwe."

"Kikongwe mmoja anakusikia, Daktari," nikasema.

Yule bwana alikohoa. Akaniamkia shikamoo vizuri sana, kisha akampa Kindness masharti. Ahoji watu wasiopungua wanane. Kila mmoja aeleze kosa alilotendewa yeye mwenyewe, na kila mmoja awe ametoa ridhaa. Wakipungua wanane kufika mwisho wa mwezi wa tatu, arudi Dar aanze somo jingine. Kindness aliitikia. Baadaye aliniambia kwamba hakuna kuanza somo jingine, maana ufadhili wake ulikuwa unaishia mwaka huohuo. Ni hili au arudi nyumbani bila shahada.

Alitaka wajane. Tulianza na Beatrice, jirani yangu, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko panga. Kindness alimpa fomu ya ridhaa aweke sahihi. Beatrice aliishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyemshika panya mkiani.

"Karatasi ya mwisho niliyowekea dole gumba ilichukua shamba langu la bondeni. Hii inachukua nini?"

"Haichukui kitu, bibi. Inasema una haki ya kukataa."

"Basi nakataa."

Ilikuwa hivyo nyumba tatu mfululizo. Mwisho nikamwambia Kindness, kwa nini wasikubali kwa sauti? Mtu aseme kwenye simu yako, naitwa fulani, nimekubali. Sauti ya mtu haina dole gumba. Chuo kilichukua wiki mbili kukubali, lakini kilikubali. Akapata wanawake kumi na wawili: kumi tulioolewa ukoo huu, nami nikiwemo, na wawili wa ng'ambo ya mto.

Hapo tena akakosea. Alikuwa na orodha ya maswali iliyochapwa, na swali la kwanza lilisema, "Je, umewahi kutendewa uhalifu?" Akazunguka siku mbili. Wote wakajibu hapana. Alirudi amechoka, viatu vimejaa tope, akakaa jikoni akaisoma ile orodha kama inayomdai jibu.

"Bibi, mlima mzima hauna mhalifu."

"Umeuliza vibaya," nikamwambia. "Uhalifu ni wa kwenye redio. Kawaulize ni nani aliyewahi kuwaletea isale, na alikuwa amefanya nini."

Kesho yake alitoka saa tatu asubuhi, akarudi wakati wa kukamua. Mmoja alikuwa ameongea huku akipukuchua maharage mpaka debe likajaa. Kindness hakula. Aliandika tu.

Kila mtu alipewa namba badala ya jina, ili asijulikane. Mimi nilikuwa namba saba. Zamu yangu ilipofika nilimwambia habari za kuku wangu wanne walioibwa na kijana mmoja, ambaye baba yake aliniletea isale. Kindness alizima simu.

"Bibi, siyo hiyo."

"Andika kuku," nikamwambia.

Akaandika kuku.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Shemeji yangu Aristides, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mkuu wa ukoo. Huwezi kuuliza mambo ya ukoo bila kupita kwake, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mimi ndiye niliyemtuma Kindness ampelekee kilo mbili za sukari pamoja na nakala ya ile fomu, ajue mtoto anafanya nini. Aristides aliwahi kuwa karani. Anasoma karatasi mpaka chini kabisa. Na chini kabisa paliandikwa kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu.

Hakugombana na mtu. Alikwenda uziani akakata masale.

Kwa wiki moja alipita nyumba tisa. Kila nyumba alitoa jani, akasema, "Kama kuna lolote, tusameheane. Na ile habari uliyompa mtoto, itoe." Nani angekataa isale? Wakaja mmoja mmoja wakamwambia Kindness huku wakiangalia chini, "Mjukuu wangu, nimejitoa." Beatrice alikuja wa mwisho. Hakusema neno jingine, na Beatrice asiposema ujue kuna msiba.

Kila aliyejitoa, Kindness alifuta sauti yake mbele yake.

"Usifute," nikamwambia jikoni. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Niliwaahidi. Nisipofuta, mimi na babu Aristides tutakuwa na tofauti gani?"



"Data zangu zimebaki tatu, Bibi," akasema.

"Na moja ni ya kuku."

Tulicheka wote wawili. Kisha akainamia bakuli la mtori akifuta macho, nami nikajifanya natafuta chumvi. Alisema ataondoka Jumatatu.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilikuwa barazani namenya ndizi. Begi la Kindness lilikuwa limeshafungwa, limesimama mlangoni. Beatrice alikuwa amekuja kurudisha chekecheo langu, na kwa aibu ya wiki ile hakukaa, alisimama nalo tu. Ndipo Aristides alipoingia uani na wazee wawili wa ukoo. Mmoja alikuwa Aminieli, amebeba kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Aristides alivaa koti jeusi. Mkononi hakuwa na jani moja kama alilowapelekea wenzangu. Alikuwa na kichwa kizima cha isale pamoja na shina lake, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Nilijua maana yake. Kwangu jambo ni kubwa zaidi.

"Mama Theodory."

"Karibu, shemeji. Leo umevaa koti la harusi."

"Nimekuja kwa heshima." Akalinyoosha lile isale kwa mikono miwili. "Kama kuna lolote, tusameheane."

Maneno yaleyale.

Mwaka wa El Nino, Kindness akiwa bado tumboni mwa mama yake, nilimzika mume wangu. Siku ya kumi na tisa baada ya maziko niliamka alfajiri kwenda kufungulia maji ya mfereji, nikakuta udongo wa mpakani ni mbichi. Masale yote ya upande wa Aristides yalikuwa yamehama. Nilihesabu kwa miguu yangu: hatua nne ndani ya kihamba changu, kutoka juu mpaka chini. Mibuni ishirini na mitatu ililala kwangu ikaamkia kwake, na mfereji pia. Nilikuwa bado sijafungua mdomo wangu kumwambia mtu, jua halijapanda, Aristides alikuwa mlangoni na jani. "Kama kuna lolote, tusameheane." Nilikuwa na nguo nyeusi, nina watoto watatu, nina usingizi. Nikapokea. Nilipogundua nilichokipokea, kila mtu alishasikia kwamba yamekwisha, na jambo lililokwisha kwa isale halifufuliwi. Nikabaki na kitendawili.

Sasa niliweka kisu chini, nikafuta mikono kwenye kanga. Sikuinyoosha.

"Lolote ni lipi, shemeji?"

Aliniangalia kama hakusikia.

"Nauliza. Umesema kama kuna lolote. Ni lipi?"

Aminieli akaingilia. "Mama Theodory, isale haliulizwi."

"Siliulizi isale. Namuuliza aliyelishika."

"Mimi sina kosa ninalolijua," Aristides akasema. "Nimekuja kwa ajili ya amani ya ukoo. Huyu mtoto anatuandika kama wezi, kitabu kitasomwa mpaka Ulaya. Pokea, umwambie aifute na habari yako."

"Aliyekosa ndiye anayeleta isale. Tangu nimeolewa hapa ndivyo ninavyojua. Kama hukukosa, hilo ni jani la uzio, lirudishe uziani. Kama ulikosa, litaje kosa, hapa, mbele ya Aminieli, nami nitalipokea kwa mikono miwili na nitakusamehe leo hii. Kindness ataandika yote mawili."

Yule mzee mwingine aliyekuja nao akaanza kuangalia ndizi zangu kwa makini sana.

"Unakataa isale," Aristides akasema polepole. "Unajua kinachofuata."

"Najua wanachosema kinafuata. Nina miaka sabini na mitatu. Nimemzika mume. Baada yake nimezika watoto wangu wawili, akabaki Theodory peke yake. Na hao wawili, shemeji, niliwazika baada ya kulipokea lile lako la kwanza. Sasa niambie hili la pili linanikinga na nini."

Nilisikia chekecheo likiwekwa chini. Beatrice alikuwa amekaa.

Aristides alifunga kifungo cha koti. Akainama, akaliweka isale kwenye ngazi, karibu na miguu yangu.

"Nimeshaleta. Liko kwako," akasema, akageuka.

Aminieli alisita na kibuyu. "Na mbege tuibebe?"

"Mbege iacheni," akasema Beatrice. "Yenyewe haijakosa kitu."

Walipotoka nilimwita Kindness, nikamwambia alete simu. 

"Bibi, una uhakika? Unaweza kusema hapana."

"Washa."

Akawasha. Nikasema, "Naitwa Mektrida, mjane, wa Uru. Nimekubali kuhojiwa."

"Usitaje jina, Bibi. Wewe ni namba saba."

"Namba saba alisema habari za kuku. Huyu ni Mektrida."

"Kanuni za utafiti zinakulinda."

"Zinanilinda na nani? Anajua ninapolala na ninapokamulia. Miaka yote hii nimekaa bila jina, na mpaka umehama hivyohivyo. Waandikie hao wenye kanuni kwamba kuna bibi anataka jina lake."

"Wakikataa?"

"Waje waniambie wenyewe. Gari linafika mpaka kanisani, kutoka hapo watapanda kwa miguu, itawasaidia."

Nikasema yote. Udongo mbichi, hatua nne, mibuni ishirini na mitatu, koti alilovaa siku ile. Mwisho nikampa jibu la kitendawili, ingawa nadhani alikuwa nalo tangu ana miaka tisa. Mlinzi ni isale. Alitembea kwa sababu kuna aliyembeba.

Kisha nikachukua panga na lile isale la kwenye ngazi. Ukiwa umepanda isale hata mara moja unajua halihitaji mbegu. Shina likigusa udongo wa mvua linashika. Na mvua ilikuwa imeanza. Saa tano, jua limetoka, watu wa misa ya pili wanapita njiani na vitabu vyao vya nyimbo, nilishuka mpaka mpakani. Nilisimama kwenye mstari wa sasa, nikahesabu kwa sauti hatua nne kwenda upande wake. Nilitua penyewe, penye jiwe ambalo marehemu mume wangu aliliweka mfereji unapopinda. Lile jiwe hakulihamisha. Lilikuwa zito, au alilisahau.

Nikachimba, nikapanda, nikashindilia kwa kisigino. Watu walisimama. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikueleza. Beatrice alikuwa nyuma yangu amebeba mbege.

Jumatatu begi halikuondoka. Saa mbili asubuhi Beatrice aliingia jikoni, akaweka juu ya meza jani la isale lililoanza kukauka.

"Shika hili," akamwambia Kindness. "Nilimsamehe. Sikumwambia nitanyamaza. Washa hicho kisimu chako, na safari hii usinikatize."

"Bibi, sijawahi kukukatiza."

"Basi usianze."

Aliongea saa mbili na nusu. Kufika Alhamisi majani yalikuwa manne mezani, na wanne walioyaleta walirudia maneno yao yote tangu mwanzo, maana ya kwanza yalikuwa yamefutwa. Mmoja alisema mara ya pili alikumbuka zaidi kwa sababu alikuwa na hasira. Wengine watano hawakurudi. Nawajua. Siwalaumu, wawili kati yao wanaishi kwenye viwanja vya Aristides.

Wanne, na wale wawili wa ng'ambo ya mto, na mimi. Saba.

Tarehe ya mwisho msimamizi alipiga simu. Safari hii Kindness aliweka sauti kubwa kwa kusudi.

"Nilisema wanane, Kindness."

"Ninao saba, Daktari, wamesema kwa hiari yao. Na ninao watano waliojitoa baada ya kutembelewa na mtu mmoja, ndani ya wiki moja. Maneno yao nimeyafuta na majina yao sitayataja. Lakini kwamba walijitoa, na namna walivyojitoa, nitaandika. Uliniuliza kosa lisilo na jalada nitalihesabuje. Nimeliona likifichwa mbele ya macho yangu. Hiyo ni sura ya nne."



"Kamati itakubana," akasema yule bwana.

"Inibane."

"Na huyo mshiriki anayetaka jina lake litajwe. Hilo haliruhusiwi."

"Yupo hapa, Daktari. Mwambie."

Nilimngoja. Nilisikia karatasi zikigeuzwa huko Dar.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo niulize polepole. Jina langu linamdhuru nani?"

Alisema atalipeleka kwenye kamati. Bado halijajibiwa. Kindness amerudi Dar, anaandika, anakula chipsi kila siku, namwona kwenye simu amekonda. Ameniambia kama kamati itakataa jina, mwanzoni mwa kitabu patakuwa na ukurasa mmoja wa shukrani, na hapo hakuna kanuni inayomzuia kumshukuru bibi yake na kutaja jina lake lote. Nimemwambia hiyo ni akiba. Kwanza apigane.

Aristides tukikutana njiani ananisalimia. Nami namwitikia, na kila mara namuuliza kama amekumbuka lolote. Hajakumbuka.

Isale limeshika. Lina majani mapya mawili, na wiki iliyopita Beatrice alipanda jingine kwake, akanitaka nikamhesabie hatua. Mimi langu napita kuliona kila asubuhi ninapokwenda kwenye mfereji, naweka mguu kwenye jiwe, naangalia. Liko palepale nilipolipanda.